Wajane wa Yerusalemu na Watoto wa Shule

Siku zile hesabu ya waamini ilipozidi kuongezeka Yerusalemu, manung'uniko yalitokea. Wale walionena Kigiriki waliwalalamikia wale walionena Kiebrania, kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Habari hiyo imeandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wote walikuwa na ubatizo mmoja, lakini wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Haikuandikwa kwamba mtu aliwachukia wajane hao. Walisahauliwa tu, na kusahauliwa kulitosha kuwaacha na njaa.

Shule ya msingi nayo ni mahali pa kugawa chakula, kwa maana elimu ni chakula cha akili na cha moyo. Utazameni mji wa Lubumbashi. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na wafanyakazi wa migodi walitoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na nchi iitwayo leo Zambia. Watoto wa vizazi vyao huketi sasa darasani pamoja na watoto wa Wabemba, Wasanga, Walunda na Waluba wa Katanga. Kiswahili kimekuwa lugha ya wote mjini. Hata hivyo si kila mtoto akijuaye siku ya kwanza avukapo mlango wa shule. Yuko aliyefika juzi kutoka Kasai, asemaye Tshiluba tu.

Mwalimu auliza: Baba ana mbuzi 7, wakazaliwa wengine 5, wote ni wangapi? Mtoto yule ajua kuhesabu, lakini swali hakulielewa. Anyamaza. Kesho aulizwa tena, anyamaza tena. Mwezi haujaisha, naye amekwisha kuhesabiwa kati ya wajinga, na mahali pake ni benchi la nyuma. Mwalimu hamchukii. Amemsahau tu.

Basi, Mitume walifanya nini? Kwanza, hawakuyaita manung'uniko yale uasi. Waliwakusanya waamini wote wakayasema mambo waziwazi. Pili, walikiri kwamba hawawezi kazi zote peke yao. Tatu, waliwaachia waamini wenyewe kuchagua watu saba wenye sifa njema. Na majina ya hao saba, Stefano, Filipo na wenzao, yote ni ya Kigiriki. Ndivyo ugawaji ulivyowekwa mikononi mwa watu waliojua lugha ya wajane waliosahauliwa.

Enyi walimu, somo la kwanza ni lenu. Mwalimu mwema humtafuta mtoto anyamazaye kabla ya kumsifu yule ajibuye upesi. Hujifunza kulitamka jina lake sawasawa, na salamu ya kwao. Humketisha karibu na mwenzake ajuaye lugha zote mbili, amfasirie swali. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 yenyewe yakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Mtoto aliyeelewa hesabu kwa lugha ya mama yake ataivusha hesabu hiyo mpaka Kiswahili na Kifaransa. Lakini asiyeielewa kwa lugha yoyote hana cha kuvusha.

Ninyi wazazi, somo la pili ni lenu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo ilianza kuondoa malipo katika shule za msingi za umma, na watoto wengi waliobaki nyumbani wakaingia madarasani. Hiyo ni neema kubwa. Lakini malipo yakiondolewa, wajibu hauondolewi. Zamani wazazi wengi waliitwa shuleni kwa ajili ya fedha. Sasa waitwe kwa ajili ya mtoto.

Tena kamati ya wazazi iangaliwe vema. Ikiwa wote waliomo ni wa kabila moja, au ni wale tu wajuao Kifaransa, wajane watasahauliwa mara ya pili. Achaguliwe pia mama auzaye makaa, na baba aliyehamia mtaani mwaka huu. Mkutano ufanyike saa ambayo akina mama wamekwisha kurudi kutoka sokoni, na maneno yafasiriwe. Mzee wa kabila lililo dogo aalikwe darasani kusimulia hadithi ya kwao. Watoto wakimwona mwalimu akimheshimu babu ya mwenzao, hawatamcheka tena mjukuu wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Jamaa nzima zililala kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni, na wengi walikufa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa majirani. Chuki ya namna hiyo haizaliwi siku moja; hukua polepole kutokana na jina lililochekwa, na mtoto aliyesukumwa nyuma pasipo mtu kumtetea. Upendano nao hukua hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwenye benchi moja.

Wale saba walipokwisha kuwekewa mikono, neno la Mungu lilizidi kuenea Yerusalemu. Kwanza wajane walishiba. Kisha Injili ilisonga mbele.

Maulizo kwa mkutano wa walimu na wazazi

1. Ni mtoto gani darasani ambaye hajasikika sauti mwezi huu, na kwa nini?
2. Ni jamaa zipi za mtaa ambazo hazina mtu katika kamati ya wazazi?
3. Ni nani atakayekwenda kuzitembelea kabla ya Dominika ijayo?