Uchumba Usiokwisha

Kijana mmoja wa Dar es Salaam, mhasibu kwa kazi, atuuliza: amekaa na mchumba wake nyumba moja miaka 3, hawamdhulumu mtu, dhambi i wapi? Asema mwili wake ni wake, na hivi ndivyo waishivyo watu wa kisasa.

Hakuuliza kwa kejeli, basi tumjibu kwa heshima. Hata serikali haioni kuwa jambo hili ni siri ya watu wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, yawadhania kuwa wameoana wale waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana na watu kama mume na mke. Yaani mwili umekwisha kusema neno ambalo kinywa chaogopa kulitamka. Dhuluma ndiyo hiyo: mwanamke yule amempa maisha, naye amrudishia miezi, kama mpangaji.

Walakini wazazi wasijifiche. Mahari yadaiwa kama bei ya gari, na kamati ya harusi hukusanya mamilioni ya kuliwa usiku mmoja (nasi mapadre tumeila pilau hiyo). Kijana akiukimbia mzigo huo, twamwita mhuni. Kanisa halidai ukumbi. Ladai ridhaa ya wawili hao mbele ya mhudumu wake na mashahidi 2.

Bwana mhasibu, mlete mchumba wako parokiani tuandike matangazo.