AKILI NI AMANA



Imezuka miongoni mwa vijana hoja ya kwamba madawa yamwonyeshayo mtu mambo yasiyokuwapo si ulevi: hayana harufu ya tembo, wala hayamtii mtu utumwani kama kasumba. Twapenda kuijibu hoja hii kwa insafu, kwani ajibuye kwa kutia chumvi humpa mpinzani wake silaha.

L.S.D., iliyotengenezwa na Albert Hofmann mjini Basel mwaka 1938, naye akaionja nguvu yake mwaka 1943, kweli haimfungi mtu kama heroini. Lakini je, utumwa ndio madhara pekee? Kiasi cha chembe chache za chumvi humchukua mtu kama saa 12, na katika saa hizo aweza kukimbilia barabarani asione khatari. Wako ambao dawa imekwisha kutoka mwilini, na miezi, hata miaka, baadaye macho yao bado yaona vitu vikiburura vivuli. Na mwenye asili ya wazimu katika ukoo wake aweza kufunguliwa mlango usiofungika kwa urahisi. Si wengi, lakini nani ajuaye, kabla ya kuonja, kwamba yeye hamo?

Wala haya si mambo ya Ulaya tu. Mnanaha, ule mmea wenye maua kama tarumbeta na tunda la miba, huota wenyewe majaani na kando ya njia zetu, nao kwa rai yetu ndio mbaya zaidi. Mbegu zake zina sumu ziitwazo atropini na skopolamini. Mlaji hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, mwili huwaka bila jasho, moyo huenda mbio. Kisha huzungumza na watu wasiokuwapo, naye ana yakini kwamba wapo. Hali hii yaweza kudumu siku kadha, na wengine hufa. Nguvu ya sumu hukhitilafiana baina ya mti na mti, basi asemaye kwamba ajua kipimo chake ajidanganya.

Imam Ghazali aliihesabu akili katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi. Hukumu ya ulevi haikufungwa juu ya zabibu na tende. Imefungwa juu ya kupotea akili. Mwendawazimu hadaiwi sala, lakini aliyeiondoa akili yake kwa hiari, maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi humtaka azilipe zote zilizompita.

Limesalia neno kwa wazazi. Kijana akionekana anaweweseka, wengi husema kapagawa na jini, wakamfukizia ubani na kumfungia chumbani kwa kuona haya. Saa hizo ndizo za khatari. Apelekwe hospitali upesi, na ampelekaye amwambie tabibu waziwazi alichokula. Na kama limesalia tunda au mbegu, aende nalo mkononi.