Risasi Isiyotakwa

Mkatekumeni hufundishwa mapema ya kuwa dhambi haikai katika mkono, bali katika hiari. Mtu hukosa akijua na akitaka. Aliyelala usingizi, naye akampiga mkewe kwa kiwiko, hana la kuungama asubuhi. Fundisho hili ni kweli. Lakini wako watu walishikao kwa upande mmoja tu, wakalifanya mlango wa kutorokea. Husema, “Sikutaka,” kisha hudhani ya kuwa neno hilo limemaliza shauri.

Shauri hili huonekana wazi sana katika bunduki ya kuwindia. Mwindaji ananyemelea katika miombo, macho yake yako kwa mnyama, kidole chake kimekwisha kugusa chuma. Mara bunduki inalia, naye hakukusudia bado. Mbele yake, nyuma ya kichaka, alikuwako mtu. Hakumchukia mtu yule. Yawezekana walikula pamoja asubuhi ile. Je, ana hatia, au hana?

Na wawekwe mbele ya macho watu wawili wa Panda, mjini Likasi, katika nchi ya shaba ya Katanga. Ni mjomba na mpwa wake. Mjomba amestaafu kazi ya mitambo; mpwa ana nguvu na fedha kidogo. Ni mfano tu, wala hawana majina. Mpwa ataka kununua bunduki ya kiwandani kwa ajili ya pongo na swala wengine, naye amesikia kwa rafiki zake ya kuwa bunduki nzuri hujulikana kwa mambo mawili: hupiga palepale ilipoelekezwa, na kifyatulio chake ni chepesi kama pumzi.

“Mjomba,” asema, “nataka ile ambayo kidole kikiigusa tu, imelia.”

Mjomba amjibu, “Mwanangu, na kama kitakachoigusa si kidole?”

Ili kuelewa jibu la mzee huyu, yafaa kwanza kuijua bunduki yenyewe. Kifyatulio ni kile kichuma kidogo kivutwacho kwa kidole cha shahada. Ndani ya bunduki mna springi yenye nguvu isukumayo sindano ya chuma. Sindano hiyo yataka kuruka mbele na kupiga kitako cha risasi, lakini jino dogo la chuma limeizuia. Kuvuta kifyatulio ni kuliondoa jino lile mahali pake, basi. Kazi nyingine yote yafanywa na springi na baruti. Jino likishika sana, kifyatulio ni kizito. Likishika kidogo tu, ni chepesi. Wepesi usio na kiasi maana yake ni kwamba jino limeshika kwa ukingo mwembamba sana, hata pigo au mtikisiko waweza kuliponyosha.

Mbona basi watu hupenda wepesi? Si kwa upumbavu. Bunduki ya kuwindia huwa na uzito wa kilo tatu na zaidi kidogo. Kifyatulio kikihitaji nguvu ya kilo tatu, mtu avuta kwa kidole nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa bunduki nzima. Mkono wajikaza, bega latetemeka, mtutu wakwenda kando. Kwa mtutu uliosogea upana wa ukucha tu, risasi yaweza kumkosa mnyama kabisa, au kumpiga tumboni. Mnyama aliyepigwa tumboni haanguki. Hukimbia, hujificha katika majani marefu, akafa siku ya pili bila ya mtu kumwona. Nyama imepotea, na kiumbe kimeteswa bure. Kwa hiyo mpwa ana haki yake: kifyatulio kizito mno nacho kina hatia zake, na mwindaji asidhani kwamba akichagua chuma kigumu amekwisha kuwa mtu mwema.

Zamani shida hii haikuwa kubwa. Gobore lilijazwa baruti kwa mdomo wa mtutu, likapigwa kwa karibu, na wepesi wa kifyatulio chake haukubadili mengi. Bunduki zilifika Katanga tangu siku za mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891. Wafanyabiashara wa pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi, walizileta wapate pembe za ndovu na shaba. Bunduki ya kiwandani ya leo ni kitu kingine. Risasi yake hutoka kwa mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde, na isipozuiwa na kitu yaweza kwenda kilomita tatu na zaidi. Mwenye kuishika ameshika jambo linalofika hata vijiji asivyoviona.

Tena bunduki hizi zimekuwa sahihi kupita mahitaji ya wawindaji wengi. Viwanda vya Ulaya na Marekani huzijenga kwa ajili ya kulungu wa huko, wenye pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka na kuota upya. Wanyama hao hawamo katika misitu ya Katanga. Bunduki njema ya kiwanda, ikitegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, huweka risasi tatu katika nafasi ya sentimita tatu kwa umbali wa mita 100. Lakini mahali pa moyo na mapafu ya pongo pana upana wa sahani ndogo, na katika miombo mwindaji mara nyingi hamwoni mnyama kwa mita 100, bali kwa 50 au chini. Wauzaji husifu bunduki ya sentimita mbili kuliko ya sentimita nne. Kwa mtu wa kijiji sifa hiyo ni kama kusifu panga kwa kung’aa. Kinachomharibia shabaha ni kidole chake, na pumzi yake, na haraka yake.

Mjomba ajua hayo. Kwa hiyo amfundisha mpwa kuchagua kwa mpango. Achukue bunduki isiyo na risasi, atazame chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole, kisha achukue mizani ndogo ya kulabu, kama ile ya kupimia samaki sokoni. Kulabu itiwe kwenye kifyatulio, avute polepole mpaka sindano iruke, asome uzito. Afanye hivyo mara kumi. Kama mara moja mizani yasema kilo moja na nusu, na mara nyingine yasema nusu ya kilo, bunduki hiyo iachwe, hata ikiwa na sifa zote za dunia. Kisha alivute komeo na kulifunga tena ili springi ijikaze, aushike mtutu ukielekea juu, akipige kitako sakafuni juu ya ubao, mara kadhaa, kwa nguvu ya kiasi. Sindano ikiruka yenyewe, na iachwe pia. Mwisho ajaribu aina mbili tatu za risasi, kwa maana kila mtutu una risasi yake unayoipenda, na bunduki iliyotawanya risasi za kiwanda kimoja yaweza kuzikusanya za kiwanda kingine.

Viwanda vingine vimejitahidi kuunganisha wepesi na usalama. Savage ya Marekani, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, huweka ulimi mwembamba wa chuma katikati ya kifyatulio. Ulimi huo usipobanwa kwanza, jino halitoki hata bunduki ikianguka. Tikka ya Finland huuza bunduki ambayo kifyatulio chake hurekebishwa kwa skrubu kati ya kilo moja na kilo mbili hivi. Hizo ni kazi nzuri za akili ya mtu. Hata hivyo kazi ya kiwanda si neno la Mungu. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 kampuni ya Remington iliwataka wenye bunduki zake za Model 700 na Model Seven, zilizokuwa na kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro na kutengenezwa tangu Mei 2006, wazirudishe. Gundi iliyotumiwa wakati wa kuunganisha vipande yaweza kuwa ilizidi katika baadhi yake, na bunduki ingeweza kulia bila kutakwa. Gundi kidogo tu! Mtu aliyenunua mwaka 2010, akaitunza vema, hakuwa na njia ya kuyajua hayo. Lakini aliyelisikia tangazo mwaka 2014, akasema, “Yangu haijanidhuru bado,” akaenda nayo porini, huyo si sawa na yule wa kwanza.

Hapa Sheria ya Musa ina maneno ya kustaajabisha kwa jinsi yalivyo karibu na mambo ya kila siku. Katika Kumbukumbu la Torati yatajwa habari ya watu wawili waendao msituni kukata kuni: kichwa cha shoka chachomoka katika mpini, chamwua mmoja. Aliyekuwa na shoka alipewa mji wa kukimbilia, asiuawe na walipiza kisasi, kwa sababu hakumchukia mwenzake. Katika Kutoka yatajwa ng’ombe apigaye watu kwa pembe. Mwenye ng’ombe hakuhesabiwa hatia ya kifo kama hakujua tabia yake. Lakini kama alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, hatia ilimrudia yeye. Shoka na ng’ombe, wote wawili waua bila ya mwenyewe kutaka. Tofauti yao ni siku zilizotangulia: nani aliujua mpini umelegea, nani alionywa juu ya pembe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza swali hilihili la mtu auaye kwa bahati. Alifundisha ya kuwa afanyaye jambo la halali kwa uangalifu upasao hana hatia ya kuua. Bali afanyaye jambo la halali pasipo uangalifu upasao hawezi kujitoa katika hatia hiyo. Kwa hiyo hakimu wa haki hatauliza tu, “Ulitaka?” Atauliza pia, “Ulipokuwa na nafasi ya kutaka lililo bora, ulitaka nini?” Na nafasi hiyo mwindaji aliipata dukani, na mezani pake, na siku ya mazoezi. Mtu hawezi kutaka sababu na kuyakana yaliyo ndani yake. Aliyelegeza skrubu mpaka jino likabaki kwa unywele, ili rafiki zake wamsifu, alikuwa na hiari nzima alipoilegeza.

Bado liko pingamizi la haki. Mpwa asema, “Mjomba, mimi nitaweka kizuizi cha usalama, na kidole changu sitakigusisha mpaka nimwone mnyama. Basi wepesi una kosa gani?” Jibu si rahisi kama linavyodhaniwa. Ni kweli kwamba kidole kilichokaa nje ni kinga kubwa kuliko springi yoyote, na mtu mwenye nidhamu aliyelala chini, bunduki yake juu ya mfuko, peke yake, mbele yake kilima kitupu, aweza kutumia kifyatulio chepesi sana bila kumkosea mtu. Lakini mwindaji wa Katanga hawindi hivyo. Huenda kwa miguu tangu alfajiri, mikono imechoka, jasho limeingia machoni, miiba yashika nguo, na watu watatu wanne wafuatana katika njia nyembamba. Moyo ukidunda kwa kumwona mnyama, kidole hakihisi tena tofauti ya kugusa na kuvuta. Wema wa chombo haupimwi katika saa ya utulivu peke yake. Kwa mwenendo wa namna hiyo, uzito wa kilo moja na nusu mpaka kilo mbili ni wa akili; ulio chini ya kilo moja ni wa majivuno.

Yasemwe pia kwa ufupi ya kuwa bunduki bora haimpi mtu ruhusa. Sheria ya uwindaji ya Kongo, ya tarehe 28 Mei 1982, yataka kibali, na silaha yenyewe yataka kibali chake. Hifadhi ya Upemba, tangu mwaka 1939, na ya Kundelungu, tangu mwaka 1970, hakuna mtu wa kijiji aendaye kuwinda humo kwa haki. Wanyama wa Katanga wamepungua sana, na shabaha nzuri ya mwizi huwapunguza upesi kuliko shabaha mbaya.

Basi mjomba na mpwa watoka nje ya mji, mahali penye ukingo wa udongo mrefu wa kuzuia risasi, na bunduki ya kukopa waijaribu. Kifyatulio chake chapimwa: robo tatu ya kilo. Mpwa apiga risasi tatu kwa mita 100, na matundu matatu yafunikwa na kifuniko cha chupa. Acheka kwa furaha. Mjomba ashika bisibisi, akaza skrubu, apima tena kwa mizani: kilo moja na gramu mia nane. Mpwa apiga mara ya pili. Sasa matundu yafunikwa na kiganja.

“Umeiharibu, Mjomba.”

“Kiganja changu ni kipana kuliko mapafu ya pongo?”

“Si kipana.” Mpwa anyamaza kidogo. “Lakini ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.”

“Ilikuwa nzuri zaidi,” mzee akubali. “Siku ya kwenda porini, nani atatangulia njiani kutafuta nyayo?”

“Mdogo wangu. Yeye ndiye mwenye macho.”

“Na bunduki itakuwa nyuma yake?”

Mpwa aitazama karatasi yenye matundu, kisha ile mizani ya samaki iliyo mkononi mwa mjomba wake. Avuta komeo, atazama chemba kwa macho, aigusa kwa kidole, na kuomba mizani apime mwenyewe.