Sitara ni ya Nani?

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wahenga walipolinena hilo walimpima mtoaji; hawakusema lolote juu ya kazi inayofanywa na kile kilichotolewa. Penye udhalilishaji wa wanawake na watoto, swali hilo la pili ndilo zito.

Visiwani kuna jambo liitwalo muhali. Binti wa jirani amedhalilishwa. Aliyetenda ni mtoto wa ami, au mtu anayesalimiwa kila siku msikitini. Wazee hukutana barazani, fedha huchangwa, wazazi wa binti hukabidhiwa, na kesi hufa kwa kukosa shahidi. Waliochanga hurudi makwao wakiamini kwamba wametenda hisani, kwani wamesitiri nyumba mbili. Lakini sitara hiyo amevishwa nani? Aliyeumizwa amebaki na jeraha lake na amri ya kunyamaza. Nguo yote ameichukua aliyeumiza.

Mambo haya si mapya. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliimba “Kijiti”, kisa cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Mwuaji alikimbilia bara, na waliofungwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Waliousikiliza wimbo ule walijua, basi, kwamba kusema kweli kuna gharama, na kwamba gharama hiyo humwangukia mnyonge.

Hapo ndipo sadaka inapopata kazi yake. Tangu mwaka 2011 kumekuwako kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako tiba, polisi na ushauri hupatikana pahala pamoja. Mwaka 2021 Zanzibar ikaanzisha mahakama maalumu za kesi hizi. Milango imefunguliwa. Lakini mama wa Makunduchi au Nungwi anayeitwa mjini mara tatu, mara nne, shauri likiahirishwa, hulipa nauli kila mara, na nyuma yake huacha biashara na watoto wadogo. Subira yake haivunjwi na woga peke yake. Huvunjwa na nauli pia. Anayemlipia nauli hiyo amesimama naye mbele ya hakimu.

Atasema mtu: kumpeleka binti mahakamani si kumfichua? Hoja hiyo haidharauliki, maana sitara ni adabu ya kweli, na hata wema huweza kuumiza. Mtoaji anayetaka apigwe picha akimkabidhi mchele aliyedhalilishwa, amemvua nguo mara ya pili. Qur'ani, katika Suratul Baqara, imeiweka kauli njema juu ya sadaka inayofuatwa na maudhi. Kwa hivyo sitara haikataliwi. Inarudishwa kwa mwenyewe. Jina la binti na lisitiriwe, kitendo kisisitiriwe.

Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu. Wenye mali waliziweka ili zihudumie misikiti, jamaa na maskini, miaka na miaka baada ya wao kuzikwa. Halitakuwa jambo geni, basi, mwenye nyumba akiweka wakfu chumba cha kulala shahidi aliyetoka shamba, au kodi ya duka moja kwa nauli na wakili. Mchango wa baraza hununua kimya. Wakfu kama huo ungemngoja mnyonge hadi siku ya hukumu.

Kabla ya kutia mkono mfukoni, mtoaji na ajiulize: fedha hii inamsitiri nani?