Nani Alijaribu Bawa Jipya?

Wakimbu wa Rungwa, mkoani Singida, ni warina asali wa siku nyingi. Mzee mwenye busara asiyeliamini tawi hulikanyaga yeye kwanza, ndipo amwite kijana apande mzingani. Kipimo hicho chatosha hata kwa eropleni.

Mwaka 1946 kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilirusha ndege ndogo ya jeti, DH 108, yenye kiti kimoja, mabawa yake yamelazwa nyuma. Ilikuwa ya kujaribia bawa lililofikiriwa kwa ndege ya abiria, Comet. Zilijengwa tatu, zote zilianguka, na marubani watatu wakafa. Wa kwanza, tarehe 27 Septemba 1946, alikuwa Geoffrey, mwana wa mwanzilishi wa kampuni.

Je, ni halali mtu kuhatarisha uhai asiojipa mwenyewe? Twaona ni halali, iwapo kusudi ni kubwa, naye ajua anachokiendea na akubali pasipo kushurutishwa. Rubani wa majaribio si mtu ajiuaye. Atamani kutua, aeleze aliyoyaona.

Hukumu ni nyingine kwa Comet yenyewe, iliyoanza kubeba abiria kutoka London hadi Johannesburg, kupitia Entebbe, tarehe 2 Mei 1952. Tarehe 10 Januari 1954 moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Safari zikasimamishwa. Mafundi walirekebisha kila walichokishuku (hatusemi walikuwa wabaya), lakini chanzo hawakukijua. Tarehe 23 Machi safari zikaanza tena. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka baharini karibu na Napoli, watu 21 wakafa. Ndipo huko Farnborough mwili wa Comet ukatiwa katika tangi la maji, ukasukumwa kwa maji tena na tena hata ukachanika. Bati lilikuwa limechoka.

Mtu atasema: tukingoja hakika kamili, hakuna kitakachoruka. Ni kweli, na East African Airways ilirusha Comet 4 zilizo imara zaidi tangu 1960. Lakini abiria wale walinunua tiketi ya safari, si ya majaribio.

Wala jambo hili si la Ulaya tu. Fundi aliyetengeneza breki za basi liendalo Rungwa kutoka Itigi, naye hana hakika nazo, na awaambie wasafiri kabla hawajapakia mizigo. Au aliendeshe tupu, yeye peke yake, hadi Rungwa na kurudi.