Mhusika na Msitu: Swali la Wajibu
Je, tuna wajibu kwa kiumbe asiye na jina? Filamu ya Born Free (1966) ilimfanya simba Elsa kuwa mhusika; na mwaka 1984 waigizaji wake, Virginia McKenna na Bill Travers, walishiriki kuanzisha Zoo Check kufuatia kifo cha ndovu Pole Pole huko London. Huruma yao ilikuwa ya kweli. Kasoro imo katika utanzu wa televisheni uliofuata: nyota humwokoa mnyama mmoja, makazi yake yakabaki mandhari tu. Msitu wa Mau, unaolisha mito ya Kericho na Bomet, hauna uso, hivyo hausimuliwi. Mapokeo ya Wakipsigis yanajibu vingine: ukoo huheshimu aina nzima ya mnyama wake, si mmoja aliyepewa jina. Kumbe wajibu hutangulia jina.