Mkwe wa Musa na Mzazi Mwenye Kazi Nyingi

Somo: Kutoka 18:1–27



Tusomapo sura hii twakumbuka upesi wale wakuu wa maelfu na wakuu wa makumi, tukasahau jinsi inavyoanza. Yethro alikuja jangwani akimletea Musa mkewe Sipora na wana wake wawili, Gershomu na Eliezeri. Wakasalimiana, wakala chakula pamoja mbele za Mungu. Hata siku ya pili yake Musa akaketi kuwaamua watu, nao wakamsimamia tangu asubuhi hata jioni. Wale watoto waliotoka mbali hawatajwi tena katika habari ile. Lakini babu yao aliona jinsi siku ile ilivyokwisha, wala hakunyamaza.

Nayaandika haya kwa aibu yangu mwenyewe. Katika usharika niutumikiao yuko mama mmoja, mwalimu wa shule, mwenye watoto watatu. Huamka saa kumi usiku, huteka maji, hupika uji, huwavika watoto, ndipo aende shuleni. Jioni hurudi na madaftari ya kusahihisha, na Jumamosi huongoza kwaya. Jumapili moja nilisimama mimbarani nikamsifu mbele ya washarika wote, nikasema, Mtazameni mama huyu, hajui kupumzika! Mwezi haujaisha, akaanguka katika mazoezi ya kwaya. Daktari akaona ya kuwa shinikizo la damu limepanda mno. Nilipokwenda kumtazama akaniambia, "Baba Mchungaji, nalisikia mwili umenishinda tangu Pasaka. Lakini baada ya maneno yale, ningewezaje kusema nimechoka?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsifu kwa jambo lile lile ambalo Yethro alimwonya Musa kwalo.

Basi, tuyatafakari mambo matatu.

La kwanza: Mwili si mali yetu. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther atufundisha kukiri kwamba Mungu ndiye aliyetupa mwili na roho, macho na masikio na viungo vyote, naye angali anavitunza. Mtu akikabidhiwa mbuzi wa mwenziwe, humnyima majani kisha akajisifu kwa bidii yake? Amri ya tano twaifundisha kwa habari ya jirani, na ni haki. Je, mwili wako umepata ruhusa wapi ya kuuawa pole pole? Tena ugonjwa huu wa shinikizo la damu mara nyingi hauna dalili. Kwa hiyo usingoje kuanguka, nenda ukapimwe.

La pili: Yethro hakumwambia Musa aiache kazi. Alimpa utaratibu. Mashauri makubwa yabaki kwa Musa, madogo yaamuliwe na wengine. Ninyi wazazi, ni nani katika nyumba yenu awezaye kuwa mkuu wa kumi? Mtoto wa miaka kumi aweza kuosha vyombo. Na baba aweza kupika uji. Mimi sijaliona andiko linalomkataza. Mara nyingi mama huanguka kwa sababu mumewe ameketi akingoja kuhudumiwa, naye akijiita kichwa cha nyumba. Kichwa kisichosikia mwili ukiuma ni kichwa cha namna gani?

La tatu: Mazoea mema hukua kama mgomba, hayakui kama uyoga. Mwaka 2010 wataalamu wa University College London walitoa habari za watu 96 waliojaribu kila mmoja kushika zoea moja dogo, kama kunywa maji wakati wa chakula au kutembea. Kwa wastani zilipita siku 66 hata zoea likakaa lenyewe. Wengine siku 18, na wengine ilikadiriwa zingetakiwa siku 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote. Basi usijiwekee sheria kumi kwa siku moja. Chagua jambo moja, ulifunge penye jambo ulilokwisha kulizoea. Katekisimu ile ile yatuagiza tusali jioni, kisha tulale mara moja kwa furaha. Basi, simu na madaftari viwekwe kando kabla ya sala, na baada ya sala ulale. Maana mtu mzima ahitaji usingizi wa saa saba hivi au zaidi. Akaaye mezani mchana kutwa na atembee kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri dakika 150 kwa juma angalau. Ukianguka leo, anza tena kesho. Sisi tulio watu wa ubatizo twajua maana ya kuanza tena kila siku.

Lakini mjane atasema, Mimi sina wa kunisaidia. Mama yangu, neno hili si mzigo wa kuongezwa juu yako. Ni neno la kutuhukumu sisi. Yethro hakutuma shauri kwa mbali, alikuja mwenyewe. Kwa ajili ya yule mwalimu, wazee waliigawa kazi ya kwaya kwa watu watatu, na akina mama jirani wakashika zamu ya kumfulia. Siku hizi Jumamosi alasiri huketi chini ya mwembe wake pamoja na watoto. Mwanzoni aliona haya tulipopita. Sasa hutukaribisha.

Bwana wetu mwenyewe alichoka, akaketi kisimani Samaria. Alilala chomboni katikati ya dhoruba. Naye alalaye kwa imani akiri kwamba ulimwengu unashikwa na Mungu, si na mikono yake. Hatuokolewi kwa kuchoka kwetu.

Tuombe: Ee Bwana, utusamehe tuliowatwika wenzetu mizigo na kuiita sifa. Utufundishe kufanya kazi, kugawana kazi, na kulala katika amani yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.